Tukishambulia, Tunageuka

Jumatatu baada ya timu ya mpira wa kikapu ya chuo kufungwa, hakuna mtu aliyethubutu kufungua kinywa mbele ya Honi isipokuwa wagonjwa wa meno, na hao hawakuwa na hiari.

Asubuhi hiyo kliniki ilikuwa imejaa pomoni. Watu walishika mashavu, mtoto mmoja alikuwa analia kabla hajaguswa, na simu ya mapokezi iliita bila kupokelewa. Honi, msaidizi wa daktari wa meno, alipita katikati yao na koti lake la kijani lililopigwa pasi likanyooka, nywele kazisuka mistari midogo na kuzifunga nyuma, barakoa imening'inia kidevuni. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mashabiki wenzake wa jukwaa la nyuma ya benchi, kwa sababu akipiga kelele ukumbini hata refa wa upande wa pili hugeuka kutazama ni gari gani linataka kupita.

"Anayefuata!"

Akainuka mwanamume mrefu, shati jeupe, kofia ya bluu kaishusha mpaka masikioni, shavu la kushoto limevimba kama ameficha limau. Macho yake yalikuwa mazuri, Honi aliliona hilo hata kwa hasira alizokuwa nazo. Alimlaza kwenye kiti, akamvua kofia na kuiweka juu ya meza, akamfunga kitambaa kifuani.

"Imekuwaje, kaka?"

"Kiwiko," alisema yule mtu kwa shida. "Cha mwanafunzi. Nafundisha mazoezi ya viungo, pale chuoni."

"Chuoni!" Honi aliruka. "Daktari, umesikia? Huyu ni wa chuoni. Haya, fungua mdomo."

Kosa la yule mtu lilikuwa kuufungua. Daktari, mama mfupi mwenye miwani iliyokaa nchani mwa pua, alichoma sindano ya ganzi. Honi akaingiza mrija wa kunyonya mate. Baada ya hapo mgonjwa hakuwa na njia ya kujibu lolote.

"Juzi niliizima redio robo ya tatu," alisema Daktari. "Ukumbini siendi tena, nina presha."

"Bora wewe uliyezima! Mimi niliona kwa macho yangu." Honi aliushika mrija kwa mkono mmoja na kuupunga mwingine hewani. "Ulinzi wetu ni moto wa kuotea mbali, hilo halina ubishi. Lakini tukipata mpira sisi? Utadhani tumeachiwa mtoto wa watu tumshikilie. Wanne wanasimama kama nguo kwenye kamba, mmoja anadundadunda mpaka muda unakaribia kwisha, halafu anarusha tu, liwalo na liwe!"

"Na anayewafundisha kushambulia ni nani?" aliuliza Daktari, ambaye alijua vizuri sana, ila alipenda kusikia.

"Si yule Kisogo!"

Kisogo alikuwa kocha msaidizi, mwenye dhamana ya mashambulizi. Msimu wa pili sasa alikaa mwisho wa benchi, hageuki hata nyota zianguke, na mechi ikiisha aliondoka kwa mlango wa mbele yake. Mashabiki wa jukwaa lile hawakuwahi kuuona uso wake. Walichokijua ni nywele fupi, mikunjo miwili ya shingo, na baka la nywele nyeupe, dogo kama sarafu, katikati kabisa ya kisogo. Honi ndiye aliyempa jina hilo, na jukwaa zima likalidaka.

"Kisogo kile naweza kukuchorea nimefumba macho," aliendelea. "Mtu gani anawafundisha vijana wenye miguu mizima watembee? Nikikutana naye barabarani, Daktari, nitamng'oa meno bila ganzi!"

Mgonjwa akaguna kwa nguvu.

"Pole, kaka. Inauma?"

Akatikisa mkono kuashiria kwamba hapana, au kwamba ndiyo, haikueleweka.

Alipoinuka, alikuwa na pamba kinywani na nusu ya uso imelala. Aliivaa kofia yake haraka haraka, akaishusha, akajaribu kusema jambo. Likatoka kama maji ya bomba lenye hewa.

"Usiongee," Honi alimwamuru. "Nusu saa nzima usiongee."

Wewe na mimi tumeshamjua ni nani. Honi hakumjua, na jina la mtu huyo kwenye kitabu cha wagonjwa halikumsaidia, maana nani aliwahi kumjua Kisogo kwa jina?

Siku chache baadaye alirudi kukaguliwa, uvimbe umekwisha, na bila uvimbe alikuwa mtu wa kutazamwa. Alisimama mbele ya meza ya mapokezi akijikunakuna kidevu.

"Naomba namba ya simu."

"Ya kliniki iko ukutani hapo."

"Hiyo ninayo. Naomba ya yule aliyenishika taya."

"Kwani taya bado inauma?"

"Taya imepona. Kuna sehemu nyingine imeanza."

Honi alitaka kununa, akacheka. Daktari, aliyekuwa anajifanya anaosha mikono, alifunga bomba ili asikie vizuri. Namba ikatolewa. Kwenye simu yake Honi alimwandika Gego, na kwa jina hilo akampenda.

Walipendana kwa simu kwanza, kama wapenzi wengi wa mjini wanaorudi kazini wamechoka. Honi aliongea naye akiwa anapika, aliongea naye akiwa ananing'iniza nguo, simu imebanwa kati ya sikio na bega.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje? Umesikia matokeo?"

"Nimesikia."

"Gego, nakuapia, nilikuwa natetemeka. Ulinzi wetu unanyang'anya mpira, uwanja mzima uko wazi, kijana anataka kukimbia, halafu anatazama benchi na kusimama! Kisogo kamnyooshea mkono asimame! Hivi mtu anapata nini kwa kuwatesa watu hivyo?"

"Labda ana sababu."

"Sababu gani? Mwoga tu."

Upande wa pili kitu kilidondoka.

"Upo?"

"Nipo, Honi wangu. Nakusikiliza. Hakuna mtu anayeongea kuhusu mchezo huu kwa moyo kama wewe."

"Usinipake mafuta. Njoo Jumamosi tukae wote jukwaani."

"Siku za mechi nakuwa na wanafunzi, nimeshakwambia."

Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na ndiyo maana lilimwia rahisi kulirudia. Wakati mwingine alianza, "Honi, kuna kitu nataka kukwambia," na Honi, aliyedhani anajua kitu chenyewe ni nini na aliyekuwa anakisubiri kwa hamu, alijibu, "Utaniambia ukiwa mbele yangu, siyo kwa simu." Wakiwa pamoja, mtu huyo alimtazama akila, akicheka, akipunga uma hewani kuonyesha wapi mchezaji mrefu alitakiwa kusimama, na ujasiri ukamwisha.

Msimu ukafika mwisho, imebaki mechi moja. Wikiendi moja kabla yake walikuwa wanatembea mjini mchana. Honi alivaa gauni la njano la vitone vyeupe na viatu vya mkanda, akapaka rangi ya mdomo ambayo kazini haruhusiwi. Gego alivaa kofia yake.

"Hiyo kofia siku moja nitaichoma moto," Honi alisema. "Hivi una kipara?"

"Sina kipara. Tena nipitie kwa kinyozi mara moja, nywele zimeota, halafu tukale."

"Sawa. Ila nikupe habari kwanza." Alimshika mkono. "Jumamosi ijayo tunamfunga Kisogo mdomo. Timu ikipata mpira, yaani sisi tukishambulia, jukwaa zima tunageuka. Tunawapa mgongo, tunatazama ukuta. Wakishambulia wapinzani, tunarudi tunashangilia ulinzi wetu. Watu wote wamekubali!"

Gego alipunguza mwendo. "Wazo la nani?"

"La nani tena? Langu!"

"Vijana uwanjani watajisikiaje?"

"Vijana hawana kosa, nao wanajua. Ujumbe ni wa benchi."

Gego aliishusha kofia zaidi, wakafika dukani kwa kinyozi. Aliingia kama mtu aliyeitwa ofisini, akakaa kwenye kiti. Honi alikaa kwenye kiti cha wanaosubiri, nyuma yake, akajipepea kwa gazeti. Kinyozi alimfunga shuka shingoni, akawasha mashine, akamvua kofia.

Kwenye kioo alikuwa Gego, macho yale yale mazuri, yanamtazama. Mbele ya kioo, kwenye kiti, alikuwa Kisogo. Mikunjo miwili. Baka jeupe katikati.

Honi alitazama kioo, akatazama kiti, akatazama tena kioo. Gazeti likamdondoka.

"Wewe!"

Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikigeuza vichwa vya marefa. Kinyozi aliruka, mashine ikamponyoka, ikachimba njia kutoka sikioni mpaka utosini. Gego aliinuka na shuka lake shingoni, lakini Honi alikuwa ameshafika barabarani.

"Honi, subiri! Nisikilize!"

"Nikusikilize wewe? Umenisikiliza mimi vya kutosha!" Watu walianza kusimama. Mwanamke mwenye vikapu aliviweka chini kabisa ili aone vizuri. "Kila nilichokisema! Mpaka ninavyoota! Ulikuwa unakata simu unakwenda kucheka na nani?"

"Sijacheka hata siku moja. Nilikuwa naona aibu. Kila nikiamka nasema leo ndiyo leo, namwambia."

"Na kila siku unalala na uongo wako!"

"Na wewe je?" Sasa na yeye alipandisha sauti, njia ya mashine kichwani, shuka linapepea. "Unajua kwa nini navaa kofia? Kwa sababu nikienda kununua mkate watu wananiita Kisogo. Hiyo ni zawadi yako. Na Jumamosi unataka ukumbi mzima unipe mgongo, halafu unanishika mkono unaniambia kwa furaha!"

"Ningejua ni wewe..."

"Ungefanya nini? Ungenyamaza?"

Honi alifungua kinywa. Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote, kwamba alikuwa na jibu na jibu lenyewe halikumsaidia.

"Hapana," alisema. "Nisingenyamaza."

Akageuka, akaondoka na viatu vyake vya mkanda vikigonga lami.

Wiki ile kliniki ilikuwa kimya mpaka wagonjwa wakaogopa. Daktari alishika kichwa. "Nami niliongea naye akiwa kanyamazishwa na sindano yangu! Nilimsema mtu ndani ya kinywa chake mwenyewe." Honi hakucheka. Nyumbani, mama yake aliacha kumenya viazi na kumtazama.

"Yule kijana wa gego hapigi tena?"

"Anapiga. Sipokei."

"Mmegombana kwa ajili ya mpira, mwanangu?"

"Siyo mpira, mama. Alinificha."

"Alikuficha ana mke?"

"Hapana."

"Ana watoto?"

"Hapana, mama! Alinificha kwamba ndiye kocha."

Mama alirudi kwenye viazi vyake, mabega yanatikisika. Aliomba radhi, akacheka tena, na Honi akaenda kujifungia chumbani. Huko alilia kama mtu mzima anavyolia, bila sauti, maana alimpenda yule mtu. Angekuwa hampendi, mambo yangekuwa mepesi.

Ijumaa mchana alikuja kliniki mwenyekiti wa mashabiki, mzee wa makamo muuza vipuri vya magari, mikono ina mafuta, hana jino linalouma.

"Honi, nimesikia maneno."

"Maneno gani?"

"Kwamba umehamia benchi." Alishusha sauti. "Mimi sikulaumu, moyo ni wa mtu. Lakini kuna hili. Mkuu wa michezo wa chuo ametamka, jukwaa likigeuka kesho, kocha msaidizi hana kazi. Tumemweka pale pale tulipomtaka. Sasa watu wanasema, Honi atavunja mgomo. Kama ni mzigo kwako, binti yangu, kesho kaa nyumbani. Tutaelewa."

Honi alivua glavu moja, kisha nyingine.

"Mwenyekiti, ni nani aliyetoa wazo hili?"

"Wewe."

"Basi sijahamia benchi wala popote. Kesho nitasimama safu ya mbele, mahali pangu pa siku zote, na nitageuka kama nilivyosema. Wanaodhani nina bei, waambie waje kinywa wazi, tuna koleo hapa."

Mwenyekiti aliondoka kifua mbele. Honi alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Kesho angemfukuzisha kazi mtu anayempenda, kwa mgongo wake mwenyewe. Akighairi, asingeweza tena kupiga kelele kuhusu jambo lolote maishani, maana kila mtu angejua kwamba mdomo wake unafungika.

Jioni simu iliita. Gego. Alipokea.

"Umepokea," alisema yule mtu, kama hakuamini.

"Nimesikia alichosema mkuu wa michezo. Unataka niwaambie wasigeuke?"

"Hapana."

"Usijifanye shujaa."

"Sijifanyi. Ukiwazuia kwa ajili yangu, nitabaki na kazi, na wewe utabaki na donge kooni. Kila ukinitazama utalimeza. Sitaki mke wa namna hiyo."

"Nani kasema habari za mke?"

"Nimeteleza. Endelea kununa."

Honi alikaa kitandani. "Niambie kitu kimoja tu. Kwa nini wanatembea?"

"Kwa sababu nina wachezaji saba wenye pumzi. Saba tu, Honi. Wengine ni majina kwenye fulana. Wakikimbia tangu robo ya kwanza, ya nne wanakuwa maiti, na ulinzi wenu mnaoupenda unakufa nao. Kila mechi najiambia, tukifika dakika za mwisho miguu ikiwa salama nitawaachia. Halafu dakika zenyewe zikifika, naogopa. Uliniita mwoga. Hapo hukukosea."

"Kwa nini hukuniambia haya?"

"Uliniuliza lini? Uliniambia tu."

"Wewe ulikuwa na mdomo!"

"Ulikuwa umejaa pamba."

Alijizuia, akashindwa, kicheko kikamtoka puani. Upande wa pili naye alicheka. Halafu wote wawili wakakumbuka kwamba wamegombana.

"Sijakusamehe," Honi alisema.

"Najua."

"Na kesho nageuka."

"Geuka. Lakini ukigeuka, geuka kweli. Usinichungulie kwa huruma."

"Mimi? Nichungulie?" alisema Honi. "Hunijui."

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Honi alivaa fulana ya timu, suruali nyeusi, kitambaa cha rangi ya chuo kichwani. Chini yake, mwisho wa benchi, kilikaa kisogo kile, nywele zimenyolewa zote sasa ili kufuta njia ya kinyozi, baka limebaki kivuli tu. Hakugeuka. Aliichukia ile shingo na aliipenda, vyote kwa wakati mmoja, na alikasirika kwamba inawezekana.

Filimbi ililia, timu yao ikapata mpira. Honi akajaza kifua.

"Geukeni!"

Jukwaa zima likageuka, mamia ya migongo, bila neno. Ukumbi mzima ukabaki na mlio wa mpira unaodunda na viatu vinavyolia sakafuni. Mbele ya Honi sasa palikuwa na ukuta wenye rangi iliyobanduka, mtungi wa kuzimia moto na mlango wa choo. Wapinzani walipochukua mpira, jukwaa liligeuka tena na kunguruma, na vijana wakalinda kama watu wanaotetea nyumba yao. Kisha mgongo. Kisha ngurumo. Hivyo hivyo robo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Benchi halikubadilisha kitu. Vijana walitembea, wakatembea, na wapinzani waliokuwa wakiongoza kwa pointi chache walianza kushika viuno.

Zilipobaki dakika tano, Honi akiwa ameutazama ukuta, alisikia sauti nyuma yake.

"Kimbieni!"

Aliijua sauti hiyo. Ndiyo iliyomuuliza kila jioni kama amekula. Hakuwahi kuisikia ikipiga kelele.

"Sasa! Wote! Kimbieni, msitazame benchi! Msinitazame mimi!"

Kukawa na vishindo ambavyo ukumbi ule haukuwahi kuvisikia. Mpira haukudunda tena, ulipita mkono kwa mkono, pa, pa, pa, halafu wavu ukaumeza. Jukwaa liligeuka kushangilia ulinzi, likarudi ukutani, na safari hii mtu mmoja alitoa simu, akaiinua mbele ya uso wake kama anajipiga picha, ili aone nyuma ya bega lake. Akafuata wa pili. Punde simu zilikuwa zimeinuliwa safu kwa safu, mashabiki wanatazama mchezo kupitia vioo vidogo na kuuma midomo.

"Honi," mwenyekiti alinong'ona, jasho linamtiririka, simu yake mwenyewe iko hewani. "Honi, binti yangu, wanacheza! Tazama tu kidogo, hakuna atakayesema!"

"Nilisema nitageuka."

"Lakini ndicho tulichokililia misimu miwili!"

"Najua!" Machozi yalikuwa yanamshuka. "Unadhani sijui? Niambie tu nani kafunga!"

Akawa anasimuliwa. Mrefu kafunga. Mwenye namba saba kafunga. Tumebakiza pointi tatu. Tumebakiza moja. Shambulizi la mwisho likawa la timu ya chuo, na sasa hakuna aliyebaki ameutazama ukuta isipokuwa yeye, Honi, ngumi zimekazwa, anausikiliza mpira ukizunguka, pa, pa, pa, mguu mmoja ukilia sakafuni, pumzi ya ukumbi mzima ikivutwa ndani. Mpira uligonga chuma cha kikapu, ukagonga tena. King'ora kikalia.

Hakuhitaji kusimuliwa. Mguno wa watu elfu ulimwambia. Wamefungwa kwa pointi moja. Halafu makofi yakaanza, mtu mmoja, kumi, jukwaa zima, miguu juu ya mbao, na hapo tu ndipo Honi alipogeuka.

Mkuu wa michezo alikuwa ameshashuka benchini, tai imekaa sawa.

"Umeona mwenyewe jukwaa lilivyofanya," alimwambia kocha msaidizi. "Jumatatu uniletee funguo."

"Mheshimiwa, subiri!" mwenyekiti alipaza sauti kutoka juu. "Mwishoni tulikuwa tunatazama!"

"Mligeuka. Kila mtu ameona."

"Tuligeuka, ndiyo." Honi alishuka ngazi, watu wakampisha. "Na mimi ndiye niliyewageuza. Tuligeuka ili timu icheze, hatukugeuka ili mtu afukuzwe. Leo imecheza. Mwache kocha."

"Wewe hata hukuona, mama. Wewe peke yako hukuona kitu."

"Nina masikio."

"Uamuzi umeshapita."

"Sawa," alisema Honi, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Basi msimu ujao jukwaa lishangilie tai yako."

Kicheko kilipasuka safu zote. Mkuu wa michezo aliondoka bila kutazama nyuma. Funguo zilibaki zinatakiwa Jumatatu vile vile, na kila mtu alilijua hilo. Yule mtu alisimama peke yake kando ya benchi, mikono haijui pa kukaa.

"Umenifukuzisha kazi," alisema, "halafu umenitetea."

"Ndiyo. Vyote viwili, na sijutii kimoja."

"Sina kazi, Honi."

"Sikukupendea kazi. Kazi yako niliichukia kabla sijakuona uso." Alijifuta machozi kwa kitambaa cha kichwani. "Misimu miwili! Misimu miwili uliweza kufanya hivi, ukasubiri siku niliyoapa kutotazama!"

"Ningejua utalia ningewaachia mapema."

"Usinichekeshe, bado nimekasirika."

"Kuna shule ya wasichana wanatafuta kocha," alisema taratibu. "Ukumbi hauna hata paa. Mshahara ni wa kuchekesha. Nilitaka nikuulize, kama..."

"Sema kwa sauti."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Hawa wote walinisikia nikikutukana. Wasikie na hili."

Mtu ambaye kwa misimu miwili hakulitazama jukwaa lile hata mara moja aligeuka, akainua uso wake mbele ya watu wote, na wengi ndiyo kwanza wakauona. Alikohoa.

"Honi," alisema, sauti ikapanda. "Nataka nikuoe!"

Ukumbi ulilipuka, na mwenyekiti akatupa kofia yake juu bila kujali itaangukia wapi. Honi aliinua mkono, watu wakanyamaza.

"Nitaolewa na wewe kabla msimu haujaanza," alisema. "Maana hao wasichana wako ukiwatembeza, nitakaa safu ya mbele na kukuzomea, na nataka siku hiyo niwe namzomea mume wangu."